Mpangaji Mwenye Macho

Mama Udongo hakuwa mtu wa kujifuta mikono. Udongo ulikuwa chini ya kucha zake, kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya masikio, hata ndani ya kifuko cha simu. Ukimsalimia kwa mkono unaondoka na samadi kidogo, na ukijifuta mbele yake umekwisha: hatakuuzia hata mche wa bilinganya. Jina lilianza kama kejeli ya majirani, naye akalipokea kama cheo, na sasa hata kibao cha mlangoni kimeandikwa hivyo.

Kitalu chake kipo nyuma ya nyumba, kimeegemea ukuta wa karakana ya seremala. Mbele, chini ya neti ya kivuli, kuna waridi na maua mengine ya kuwavuta wapita njia. Katikati miche ya matunda imepangwa kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki. Nyuma kabisa, mahali ambapo mteja hakaribishwi, kuna lundo la mboji, bomba la maji, na chekeche kubwa la waya lililopigiliwa kwenye fremu ya mbao. Hapo ndipo kazi ilipo. Mboji inachotwa kwa koleo, inatupwa juu ya waya, inasuguliwa kwa kiganja mpaka iliyo laini ipite chini, mawe na mizizi vibaki juu. Mama Udongo aliisugua kwa mikono mitupu. Alisema udongo una homa yake na kiu yake, na humpimi mgonjwa homa ukiwa umevaa soksi mikononi.

Kwenye chekeche hilo ndipo wapangaji walipojitokeza.

Ndivyo alivyowaita. Ni nyoka, ukitaka kuwa mkali wa maneno, lakini nyoka wa kutia huruma: mwembamba kama kamba ya kiatu, mweusi wa kung'aa, hajafika urefu wa kalamu. Ni kipofu. Macho yake yamezama chini ya ngozi hata huyaoni, kwa hiyo kichwa na mkia vinafanana, na ukimweka chini hujui ataelekea wapi, wala mwenyewe haonekani kujua. Kinywa chake ni kidogo mno hawezi kumuuma mtu. Anakula mayai ya mchwa na sisimizi, analala kwenye mboji, anasafiri ndani ya vyungu vya watu bila nauli. Mwalimu mmoja aliyekuja kununua waridi aliwahi kumwambia kwamba wa aina ile wote ni majike, wanataga bila kuhitaji dume. Mama Udongo, mjane wa siku nyingi, alisema kumbe wako walioerevuka kabla yetu.

Kila aliyekuja kuomba kazi pale aliwekewa mpangaji kiganjani. Aliyepiga kelele alirudi kwao. Aliyenyamaza alipewa koleo. Desturi hiyo hakuibuni yeye. Alifanyiwa na mama mkwe wake, bibi aliyekianzisha kitalu, siku yake ya kwanza ya kuolewa katika nyumba ile. Bibi yule alimwekea mpangaji mkononi akamwambia maneno mawili: "Asiye na macho mkaribishe. Mwenye macho mkimbie." Maana humo humo ardhini anaishi mwingine, mweusi vile vile, mnene kidogo tu kuliko wapangaji, naye ana macho, na meno yake ya sumu yanatokea pembeni mwa mdomo, hata ukimshika nyuma ya kichwa anakufikia.

Mama Udongo aliyasikia yote mawili. Lakini miaka ikapita, wasio na macho wakaja kwa mamia, mwenye macho hakuja hata mmoja, na ile nusu ya pili ikamdondoka njiani kama mzigo usio na mwenyewe. Ilipofika zamu yake ya kufundisha, alifundisha nusu ya kwanza tu. Tena aliifundisha kwa mbwembwe, na kicheko juu.

Mkwe wake alikuwa msusi. Saluni ilipofungwa, mwanawe Mama Udongo, dereva wa lori ambaye wiki hii yupo na ijayo hayupo, alimleta mkewe kitaluni akasema, "Mama, magoti yako yamechoka. Mfundishe huyu kazi." Mama Udongo alimkagua binti yule kuanzia kucha hadi visigino, akanusa, akaguna. Binti alikuwa na tabia moja: kila akijaza viriba kadhaa, anakwenda bombani kunawa. Alikuja na kipande chake cha sabuni ya kunukia, akakiweka kwenye kifuniko cha kopo juu ya tofali. Haikupita wiki akawa ameshabatizwa Mkono wa Sabuni, na baadaye Sabuni tu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Mama Udongo alimwambia seremala juu ya ukuta. "Huyu wangu nimempa jembe, ameliosha akanirudishia."

Sabuni alicheka pamoja nao, maana mkwe afanye nini? Lakini yalimwingia. Alitaka sana kukubaliwa na mwanamke yule, kuliko alivyotaka kukubaliwa na mtu yeyote, na kila siku alijikaza. Vidole vyake vilivyozoea kusuka nywele vilikuwa vyepesi kuhamisha miche michanga kuliko vya mama mkwe mwenyewe. Mama Udongo aliliona hilo na hakulisema. Kilichomshinda Sabuni ni wapangaji. Akimwona mmoja kwenye chekeche aliruka mpaka mlangoni. Siku moja aliomba anunuliwe glavu.

"Glavu!" Mama Udongo akasema. "Udongo haushikwi kwa soksi, binti. Siku utakayomshika mpangaji kwa mkono mtupu, siku hiyo nitakuita mwenye kitalu. Kabla ya hapo wewe ni mteja anayekawia kuondoka."

Maneno kama hayo mtu huyatamka akayasahau kabla ya chai ya saa nne. Aliyeambiwa ndiye anayelala nayo.

Asubuhi ya mkasa, Mama Udongo alikuwa mbele akibishana na mteja aliyetaka waridi lisilo na miiba. Aliporudi nyuma alimkuta Sabuni amesimama kando ya lundo, koleo chini, uso umemnawiri kama mtu aliyesomewa matokeo mazuri.

"Mama! Leo nimemshika!"

"Umemshika nani?"

"Mpangaji. Peke yangu, kwa mkono mtupu! Alitoka nilipokuwa nachota mboji. Nikapiga moyo konde, nikamwokota, nikamrudisha kule ndani kama unavyofanya wewe."

Mama Udongo alipiga kigelegele kilichowarusha ndege kwenye neti. "Fundi! We fundi! Njoo usikie, Sabuni ameiva!"

Kichwa cha seremala kikachomoza juu ya ukuta, vumbi la mbao kwenye nyusi. "Hongera, mke wa dereva. Sasa nimebaki mwoga mimi peke yangu."

"Ila leo amenichoma," Sabuni akasema, bado anacheka. "Hapa kidoleni. Kidogo tu."

"Huo ni mkia. Una kijiba kwenye ncha, akishikwa anajishikiza nacho. Mimi wamenidunga mpaka wamechoka wao."

Alichosema kuhusu mkia kilikuwa kweli tupu, na kwa sababu kilikuwa kweli hakuna aliyeuliza zaidi. Seremala akarudi kwenye randa yake. Mama Udongo akaenda kwenye chekeche, moyo mweupe, akijisemea kwamba mwanawe hakuoa vibaya kama alivyodhani. Sabuni akaketi kwenye kigoda kujaza viriba.

Kujaza kiriba kunataka mikono miwili, mmoja unakifumbua mdomo, mwingine unamimina. Mama Udongo, ambaye jicho lake la pembeni halilali, aliona kwamba Sabuni amekibana kiriba kwa magoti. Mkono wa kulia ulikuwa unamimina udongo, nusu unamwagika nje. Wa kushoto haukuonekana. Ulikuwa umezamishwa ndani ya mfuko wa aproni. Na Sabuni alikuwa mtu wa shoto.

"Mkono una nini?"

"Hauna kitu, mama."

"Mbona umeuficha?"

"Umechoka tu."

Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na jua halijapanda hata kuuvuka ukuta. Mama Udongo aliacha kusugua.

"Huyo mpangaji wako alikuwa mnene kiasi gani?"

"Wa kawaida. Labda mnene kidogo. Kama kidole changu cha mwisho."

Wanene wapo, Mama Udongo alijiambia. Mboji ya safari hii ilikuwa na mchwa wengi, lazima wanenepe.

"Akakuchoma kwa mkia."

"Mimi nilidhani ni upande wa kichwa, mama."

"Kichwa chao utakijuaje? Hawa huku ni huku, na kule ni huku."

"Nilikijua kwa macho."

Kule upande wa pili randa ya seremala ilikuwa inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi.

"Ana vijicho viwili, vidogo sana," Sabuni akaendelea, sauti imeanza kukauka. "Nilikuwa nimemshika nyuma ya kichwa, vizuri tu. Akageuza mdomo pembeni, hivi, akanichoma. Nikasema labda ndivyo wanavyosalimia." Akajaribu kucheka, kicheko hakikutoka.

Mwenye macho mkimbie. Sauti ya marehemu mama mkwe wake ilimjia wazi, kama vile bibi amesimama pale bombani na ndoo yake. Akashika fremu ya chekeche.

"Toa mkono."

"Mama, siumwi."

"Toa mkono, nimesema!"

Sabuni akautoa. Kidole cha pete kilikuwa kimevimba mpaka ngozi inang'aa. Pembeni mwake kulikuwa na alama moja tu, ndogo kama ya sindano, na kuizunguka rangi ya zambarau iliyoiva. Uvimbe ulikuwa umeshamwagika kwenye kiganja. Pete ya ndoa ilikuwa inazama kwenye nyama.

"Inauma?"

"Kidogo."

"Mwanangu, inauma?"

Sabuni aliposikia neno hilo akaishiwa nguvu za kujikaza. "Kama nimekitia kwenye mafuta yanayochemka," akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeomba radhi, na machozi yakamwagika.

Ukelele wa Mama Udongo ulimleta seremala juu ya ukuta, si kichwa tu bali mwili mzima. Alipoambiwa, alirudi akatokea tena na kipande cha mpira wa baiskeli na patasi. "Tumfunge juu ya kiwiko! Tufunge mpaka damu isimame, halafu tuchane hapo sumu itoke!"

"Weka hiyo patasi chini."

"Mama, nyoka huyu!"

"Najua ni nyoka! Nilimwona mtema kuni aliyefungwa mpira kama huo. Nyoka hakumfanya kitu, mpira ndio uliouua mkono. Washa chombo chako tumpeleke hospitali."

Seremala alikodoa macho, hofu imemgeuka hasira. "Wewe ndiye uliyemshikisha nyoka mtoto wa watu. Leo ndiye unayetufundisha?"

Alichosema ndicho kilichokuwa kinamkata Mama Udongo ndani. "Washa chombo," akarudia, na safari hii aliomba. Seremala akatupa mpira chini akakimbia.

Mama Udongo alimvuta mkwe wake mpaka bombani, akafungua maji, akanyakua kile kipande cha sabuni ya kunukia juu ya tofali. Akakipaka povu kile kidole, akaishika pete, akaanza kuizungusha. Sabuni akapiga yowe. Pete ilisogea, ikagota kwenye kifundo cha kidole.

Hapo ndipo mshonaji wa nyumba ya mbele alipoingia mbio kufuata kelele. Alichokiona ni mama mkwe amemkaba mke wa mwanawe bombani, anamnyang'anya pete ya ndoa, na binti analia kwa sauti: "Mama, usinivue! Nimekosa nini? Nitajifunza, mama, usinivue pete!"

"Jamani! Hata kama!" mshonaji akasema.

"Sikuvui ndoa, mwanangu, nakuvua chuma!" Mama Udongo naye alikuwa analia sasa, kamasi na povu vimechanganyika. "Kidole kinavimba, kikikutana na pete kinakufa. Vumilia. Nichukie kesho, leo vumilia."

Alivuta, akazungusha, akaongeza sabuni, akavuta. Sabuni alimng'ata bega kwa maumivu na Mama Udongo hakuhisi. Pete ikatoka na ngozi kidogo. Ili isipotee, aliivaa mwenyewe kwenye kidole chake cha mwisho, kitendo ambacho mshonaji alikitazama kwa makini sana.

Seremala alikuwa na pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mbao. Walimlaza Sabuni juu ya pumba za randa, mkono ukiwa umeegemezwa kifuani mwa mama mkwe wake usitikisike. Kila shimo la barabarani lilikuwa adhabu. Mama Udongo alihesabu pumzi zake yule binti kwa sikio, na kila pumzi ikichelewa, moyo wake ulisimama kuisubiri. Mwanangu atakuja aniulize nini, aliwaza. Nitamwambia nini mtoto wa watu akinifia mikononi kwa mzaha wangu?

Hospitalini hawakukawizwa. Muuguzi, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi, aliuliza maswali huku mikono yake inafanya kazi nyingine.

"Nyoka gani?"

"Mwenye macho."

"Mama, nyoka wote wana macho."

"Wa kwangu hawana."

Muuguzi alimtazama, akaona udongo mpaka kwenye nyusi, akaelewa kwamba mama huyu hatanii. Akamsikiliza. Alipofika kwenye meno ya pembeni, muuguzi alikwenda kumwita daktari kwa mwendo ambao Mama Udongo hakuupenda.

Daktari hakumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema dawa ya sumu waliyokuwa nayo haimfai nyoka wa aina ile. Watampa za maumivu na maji ya mshipani, na watauangalia uvimbe. Ukiishia mkononi, ni shauri la mkono. Ukipanda mpaka kifuani, au pumzi ikibadilika, ni habari nyingine. Kisha akauliza nani aliyeivua pete.

"Mimi."

"Umekiokoa kidole, au sehemu yake."

Sifa hiyo ilimpita kando Mama Udongo. Muuguzi alikuwa amechora mstari kwa kalamu pale uvimbe ulipokomea, juu kidogo ya kiganja, na macho yake yote yalikuwa hapo. Aliketi kwenye benchi kando ya kitanda akautazama mstari ule jinsi mtu anavyoutazama mlango usiku akisikia kitasa kinachezwa. Uvimbe ukaufikia, halafu ukauvuka. Muuguzi akaja, akachora mwingine, katikati ya kiwiko na kiganja. Nao ukavukwa.

Simu ikalia. Ni mwanawe, yuko barabarani na lori lake. Mshonaji alikuwa ameshampigia.

"Mama, si ulisema hawaumi?"

"Nilisema."

"Mama..."

"Njoo, mwanangu," akasema, akakata simu.

Sabuni alikuwa macho. Dawa ilikuwa imemlegeza kidogo, midomo yake imepauka. "Mbona hujaniita Sabuni tangu asubuhi?" akauliza.

"Mbona na wewe hukusema inauma?"

"Ungesema mkono wa sabuni."

Kuna maneno yanayomvunja mtu mzima. Mama Udongo alijishika uso kwa mikono yake ile ya udongo akalia bila kujali nani yumo wodini. Alilia kwa aibu, na kwa woga, na kwa kumpenda binti ambaye hakuwahi kumwambia hata mara moja kwamba anampenda. Alipotulia akasema, "Kulikuwa na maneno mawili. Mama mkwe wangu alinipa yote mawili siku ya kwanza. Mimi nilikupa moja. Nilikuwa na haraka ya kukucheka."

"Nipe la pili," Sabuni akasema.

"Asiye na macho mkaribishe. Mwenye macho mkimbie."

Sabuni aliyarudia taratibu, midomo mikavu ikigusana kwa shida. Kisha akageuzia uso ukutani. "Ni maneno mafupi, mama," akasema. "Mafupi sana."

Mstari wa tatu ulichorwa chini kidogo ya kiwiko. Muuguzi akaondoka, akarudi, akaondoka. Wagonjwa wengine wakaletewa chakula, watu wakaingia kuwatazama ndugu zao, wakatoka. Uvimbe ulifika kwenye mstari ule wa tatu. Mama Udongo akasimama, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa ngozi, akautazama wino mpaka macho yakamwuma. Ulikuwa umefika, na ulikuwa umesimama. Hakumwamini mtu, alimwita muuguzi aje aangalie, na alipoondoka akamwita tena. Wakati dereva wa lori alipoingia wodini na vumbi la safari nzima, mstari ulikuwa bado haujavukwa, na mama yake alikuwa amepiga magoti sakafuni, yale magoti yaliyochoka, hawezi kuinuka bila kushikwa.

Nyama ya ncha ya kidole ilikufa, ikaondolewa pamoja na ukucha. Kilichobaki kilipona kikiwa kimenyooka, hakikunjiki. Mama Udongo mwenyewe ndiye aliyeirudisha pete, akaivisha kwenye mkono wa kulia, tena alifanya hivyo mbele ya mshonaji, ambaye alikuwa ameshautangazia mtaa kwamba ndoa ya dereva imevunjwa bombani.

Lakini kitaluni mambo hayakurudi kama zamani. Katika wiki zile ambazo Sabuni alikuwa anauguza mkono, Mama Udongo hakuligusa lundo la mboji. Aliuza vilivyokuwa mbele, akamwagilia, akang'oa magugu ya juu juu kwa kijiti. Chekeche likaota utando wa buibui. Wateja wa siku nyingi ndio waliogundua kwanza, ingawa hawakujua wamegundua nini: ukimsalimia Mama Udongo, ulirudi na mkono wako safi kama ulivyoupeleka.

Asubuhi ambayo Sabuni alirejea, alipita moja kwa moja mpaka nyuma. Alifuta utando kwa ufagio, akachota mboji, akamimina. Mama Udongo alisimama mbali, karibu na bomba, akimwambia apumzike, ajaze viriba, aende akauze waridi, afanye lolote lile isipokuwa hilo. Sabuni akaendelea kusugua. Mara katikati ya mizizi na vijiwe, kitu cheusi chembamba kikajinyonganyonga juu ya waya.

Mama Udongo alipiga kelele. Alirudi nyuma, akakwaa ndoo, maji yakamwagika yote miguuni.

Sabuni hakuruka. Aliinama karibu na chekeche, akatazama upande mmoja, akatazama na wa pili, bila haraka.

"Hana macho," akasema.

Akamwokota. Mpangaji alipita katikati ya vidole vyake, akakizunguka kile kilichonyooka, akatafuta njia, akakosa, akaanza upya. Sabuni alimsogeza mbele. "Mama, leta mkono."

Mama Udongo aliirudisha mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Alitaka kusema kitu cha mzaha, kitu cha kumfanya seremala acheke kule upande wa pili, lakini meno yalikuwa yanagongana.

"Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," Sabuni akasema. "Aliyeumwa ni mimi, mama. Mbona anayeshtuka ni wewe?"

Hakusema kwa kejeli. Kama angesema kwa kejeli, ingekuwa nafuu. Alimrudisha mpangaji kwenye mboji, akamfunika kwa udongo kidogo, akaenda bombani akanawa, kisha akatoa kwenye mkoba wake glavu mpya, bado zimebanwa pamoja kwa kipande cha karatasi. Hakujinunulia yeye. Mama Udongo aliliona hilo mara moja, maana zilikuwa kubwa mno kwa vidole vya msusi.

Alizipokea. Alizivaa, mkono mmoja, halafu wa pili, mbele ya mwenye kitalu, akaenda kwenye chekeche.